Faili limegoma kufunguka? Angalia mkia wake kwanza

Leo naomba tuweke pembeni kidogo siasa na mpira, kuna kitu nataka tuongee taratibu. Ni kitu kidogo sana, herufi tatu au nne tu, lakini kimeshawakosesha watu kazi, kimeshaharibu kompyuta za watu, na kuna mtu mmoja ambaye mimi mwenyewe nilimponza nacho. Nitaanza na huyo.

Mwaka 2008 nilikuwa mhudumu wa intaneti kafe moja pale Mwanza mjini. Mnaokumbuka enzi zile mnajua hali ilivyokuwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa bado haujafika Dar (ulifika 2009), kwa hiyo tulikuwa tunatumia intaneti ya dishi, nusu saa shilingi 500, na ukurasa mmoja unafunguka wakati mteja keshamaliza soda. Mimi ndiye nilikuwa "fundi" wa pale. Ukweli nilichojua ni kuwasha, kuzima na kubadilisha wino wa printa, basi.

Siku moja akaja dada mmoja, kamaliza chuo, flashi mkononi. Kuna nafasi ya kazi imetangazwa, wanataka barua na wasifu vitumwe kwa barua pepe vikiwa PDF, mwisho saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Yeye kaandika kwa Word. Akaniuliza, "Kaka, hii naigeuzaje iwe PDF?"

Nikajibu kitaalamu kabisa, "Hamna shida dada, dakika moja tu." Nikabonyeza jina la faili, nikafuta .doc, nikaandika .pdf. Kompyuta ikatoa onyo, kwamba ukibadilisha hapa faili linaweza lisifae tena, je, una uhakika? Nikabonyeza "Yes" bila kusoma. Picha ya faili ikabadilika ikawa ile nyekundu ya PDF. Dada akafurahi, mimi nikajiona profesa. Tukatuma saa tisa na nusu.

Baada ya kama wiki mbili akarudi. Kule ofisini walimjibu kuwa viambatanisho vyake havikufunguka na muda umeshapita. Nikataka kumrudishia hela yake. Akakataa. Akasema, "Kaka, mia tano siyo kazi." Akatoka.

Naandika haya leo kwa sababu juzi nilikuwa steshenari nasubiri kutoa kopi, nikamwona kijana anamfanyia mteja kitu kile kile nilichofanya mimi 2008. Kompyuta mpya, kosa la zamani. Nikamwambia, na sasa nawaambia na nyie.

MKIA NI NINI?

Angalia jina la faili lolote: barua.docx, wimbo.mp3, picha.jpg. Kile kipande cha mwisho baada ya nukta ndicho ninachoongelea. Waliotafsiri programu kwa Kiswahili wanakiita kiendelezi, mtaani wengi wanasema ekstensheni. Mimi hapa nitakiita mkia, tuelewane haraka.

Mikia ni ya zamani. Kwenye MS-DOS, iliyotoka 1981, jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi 8, halafu nukta, halafu mkia usiozidi herufi 3. Ndiyo maana hadi leo unakuta .jpg na .jpeg, .htm na .html. Ni kitu kimoja, ila moja ilikatwa ili itoshe. Windows 95 ilipokuja ikaruhusu majina marefu, lakini mikia mifupi watu walishaizoea, ikabaki.

Kazi ya mkia ni hii. Ukibonyeza faili mara mbili, Windows haichunguzi kwanza ndani kuna nini. Inasoma mkia, halafu inakwenda kwenye orodha yake kuuliza: mafaili ya .mp3 hapa nani anayashughulikia? Ikipata jina la programu inaiita. Isipopata, inakuletea kidirisha uchague mwenyewe. Ndiyo maana faili lile lile kwa rafiki yako linafunguka na VLC na kwako linafunguka na kitu kingine. Faili halijabadilika, orodha za kompyuta ndizo zinatofautiana.

Kwa hiyo mkia ni lebo. Chukua dumu la mafuta ya taa, libandike karatasi iliyoandikwa ASALI. Je, umepata asali? Hujapata. Umepata dumu la mafuta ya taa litakalomdanganya mtu. Hicho ndicho nilichomfanyia yule dada. Nilibandika lebo ya PDF kwenye dumu la Word, kule ofisini programu ya PDF ikaitwa, ikachungulia ndani, ikasema hiki sicho changu.

JIONEE MWENYEWE

Usiniamini mimi, jaribu. Tengeneza kopi ya faili la PDF (kopi, siyo lenyewe), fungua Notepad, halafu liburute faili hilo ndani yake. Utaona takataka nyingi, lakini mwanzo kabisa utasoma %PDF. Fanya hivyo kwa picha ya .gif, utaona GIF89a au GIF87a. Faili la .exe linaanza na MZ, hizo ni herufi za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft. Faili la .zip linaanza na PK, yaani Phil Katz, Mmarekani aliyeleta muundo wa zip mwaka 1989. Ukimaliza kuangalia funga Notepad bila kuhifadhi, la sivyo utaliharibu.

Sasa weka faili la .docx. Utashangaa nalo linaanza na PK! Kumbe .docx, uliokuja na Office 2007, ni kifurushi cha zip chenye vipande vya maandishi na picha ndani. Chukua kopi ya .docx yenye picha, badilisha mkia uwe .zip, ifungue. Utakuta folda inaitwa "word", ndani yake "media", na humo kuna picha zote za ile ripoti zimekaa zimetulia. Mimi hii imeniokoa mara nyingi mteja anapotaka picha zake kutoka kwenye ripoti.

Hapo mjanja mmoja atauliza: mbona umesema kubadilisha mkia hakugeuzi kitu, na hapa kumefanya kazi? Swali zuri. Hapa pia sijageuza kitu. Ndani lilikuwa zip tangu mwanzo, mimi nimebadilisha tu nani aitwe kulifungua. Dumu la asali limebandikwa lebo nyingine ya asali.

NANI ANAFUNGUA NINI

Haya, hii ni orodha fupi ya mikia mnayokutana nayo sana:

.doc na .docx – Word. Tofauti yake ni kwamba .doc ni ya zamani na .docx ilianza na Office 2007. Mwaka ule wa 2008 kafe nyingi zilikuwa na Word 2003, kwa hiyo mteja akileta .docx kutoka ofisini inagoma, na sisi tunamwambia flashi yako ina virusi. Tusameheane.

.odt – LibreOffice Writer au OpenOffice. LibreOffice ni ya bure na inafungua pia .doc na .docx.

.xls na .xlsx – Excel, au LibreOffice Calc. .ppt na .pptx – PowerPoint, au LibreOffice Impress.

.pdf – Adobe Reader, lakini siku hizi hata Chrome, Firefox na Edge zinafungua zenyewe. Adobe walileta PDF mwaka 1993 kwa lengo moja: ukurasa uonekane vile vile kila mahali, hata kama kompyuta ya pili haina aina ya maandishi uliyotumia. Ndiyo maana waajiri wanaipenda.

.pub – Publisher ya Microsoft. Watu wa kadi za harusi hapa mnisikilize. Microsoft ilishatangaza kuwa mwisho wa kuihudumia programu hii ni Oktoba 2026. Kazi zenu za zamani zihifadhini pia kama PDF mapema. LibreOffice Draw inaweza kufungua .pub, ila mpangilio unaweza kuvurugika kidogo.

.jpg, .png, .gif – picha. Zinafunguka karibu kila mahali.

.mp3 – muziki. Jina hili la mkia lilichaguliwa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani mwezi Julai 1995.

.mp4, .avi, .mkv, .3gp – video. Hapa kuna mtego. Mkia wa video unakutajia boksi tu. Ndani ya boksi picha na sauti vimebanwa kwa njia mbalimbali, na kila njia inahitaji kifunguzi chake, wanaita kodeki. Ndiyo maana video inaweza kutoa sauti bila picha. Usibadilishe mkia, utapoteza muda. Weka VLC, ambayo asili yake ni wanafunzi wa École Centrale Paris kule Ufaransa. Inakuja na kodeki nyingi ndani yake, na ni bure.

.zip na .rar – vifurushi. Zip Windows inafungua yenyewe. Rar unahitaji 7-Zip au WinRAR, ingawa Windows 11 nayo ilianza kuifungua mwaka 2023.

.txt – maandishi matupu, Notepad inatosha.

Ukikuta faili halina mkia kabisa, au lina mkia usioujua, usikurupuke kushusha "programu ya kufungua kila kitu" kutoka kwenye tangazo. Muulize aliyekutumia alitumia programu gani. Au lifanye kama pale juu, liburute Notepad usome herufi za mwanzo. Ukiona %PDF unajua ni PDF iliyopoteza mkia, unaurudisha na kazi imekwisha.

MIKIA INAYOUMA

Sasa hapa ndipo penye hatari. Mafaili niliyotaja juu ni ya kusoma, kuangalia au kusikiliza. Lakini kuna mengine ni amri. Ukiyabonyeza hayakuonyeshi kitu, yanafanya kitu. Kwenye Windows ni kama .exe, .scr, .bat, .vbs na .js. Kwenye simu za Android ni .apk.

Tatizo ni kwamba Windows, ikitoka dukani, inaficha mikia inayoifahamu. Mtu akikutumia picha.jpg.exe, wewe unaona picha.jpg. Mkia wa kweli siku zote ni ule wa mwisho, na wa mwisho ndio uliofichwa.

Tarehe 4 Mei 2000 dunia ililipia hili. Watu walipokea barua pepe yenye kichwa cha kusema nakupenda, na kiambatanisho kinaitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwenye kompyuta nyingi ile .vbs haikuonekana, watu wakaona .TXT, wakasema maandishi tu haya, wakabonyeza. Kumbe ni amri. Ikafuta na kufunika picha na mafaili mengine, halafu ikajituma yenyewe kwa kila mtu aliyekuwa kwenye kitabu cha anwani cha Outlook. Ilianzia Ufilipino na kwa muda mfupi ikafikia mamilioni ya kompyuta duniani. Aliyeitengeneza alijulikana, lakini kesi ikafutwa, maana Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kosa kama hilo. Wakatunga baadaye mwaka huo huo.

Sisi wa kafe tulikutana na ndugu zake kwenye flashi. Kulikuwa na Brontok, kirusi kilichotokea Indonesia mwaka 2005, chenyewe ni .exe lakini kimejivika picha ya folda. Vingine vilifuata mtindo huo huo: vinaficha folda yako ya kweli, halafu vinaweka .exe yenye jina lile lile na sura ya folda. Mteja anabonyeza "Picha" akidhani anafungua folda, kumbe anakiamsha kirusi. Halafu analia mafaili yamefutwa.

Mara nyingi hayajafutwa, yamefichwa. Safisha kwanza flashi kwa antivirusi, halafu fungua cmd uandike hivi, E ikiwa ndiyo herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri kidogo, folda zako zitarudi kuonekana. Hapo zamani nilikuwa natoza elfu moja kwa amri hii, leo chukueni bure.

Na msidhani haya yameisha. Mwaka 2024 polisi nchini India walitoa tahadhari kuhusu kadi za harusi zinazotumwa WhatsApp, ambazo faili lake ni .apk. Ukibonyeza huoni bibi harusi, unaweka programu ya mwizi kwenye simu yenye hela zako. Kadi ya harusi ni picha au PDF. Ikija na .apk, hata kama imetumwa na namba ya shangazi, mpigie shangazi kwanza.

ONYESHA MIKIA YOTE

Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bonyeza "View", kisha "Show", kisha weka tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 bonyeza "View" juu, utaona kiboksi cha "File name extensions", weka tiki. Kwenye Windows 7 na za nyuma yake tafuta "Folder Options", ingia "View", ondoa tiki kwenye "Hide extensions for known file types".

Wenye kafe na steshenari, fanyeni hivi kwenye mashine zote leo leo. Faida nyingine ni kwamba mkia ukiwa umefichwa, mtu akiandika jina "wasifu.pdf" anadhani amepata PDF, kumbe jina kamili ni wasifu.pdf.docx. Kosa lile lile, ila safari hii hata onyo la kompyuta haonyeshwi.

KUGEUZA KWELI KWELI

Ili Word iwe PDF lazima programu ifungue faili, ilisome, halafu iliandike upya kwa muundo wa PDF. Njia ni hizi:

Kwenye Word 2010 na kuendelea: "File", "Save As", halafu pale chini kwenye aina ya faili chagua PDF.

Kwenye LibreOffice: "File", "Export As", "Export as PDF".

Kwenye Google Docs: "File", "Download", "PDF Document".

Kwenye simu ya Android: fungua faili, chagua kuprinti, halafu badala ya printa chagua "Save as PDF".

Ukimaliza usitume kwanza. Lifungue lile faili jipya. Kama unaweza, jitumie mwenyewe ulifungue kwenye simu au mashine nyingine. Dakika mbili tu. Likifunguka kwako na kwenye simu, tuma.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Word yetu ya 2003 haikuwa na kitufe cha PDF, hiyo kweli. Lakini OpenOffice ilikuwa na kitufe hicho tangu 2003, bure kabisa. Tena mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa toleo lake la Kiswahili, Jambo OpenOffice, menyu zote kwa lugha yetu. Dawa ilikuwepo, imeandikwa kwa Kiswahili, na mimi fundi sikuwa na habari. Nilikuwa busy kujiona profesa.

Yule dada sikumwona tena. Sijui kama alipata kazi nyingine. Dada, kama upo na unasoma hapa, samahani. Barua yako haikuwa na tatizo, tatizo lilikuwa mimi.

Wengine, kama una faili limekugomea, andika hapo chini kwenye maoni. Taja mkia wake, umelipata wapi, na kompyuta inasema nini ukilibonyeza. Nitajibu ninachojua, na wataalamu mliopo mnisahihishe nikikosea. Tusaidiane jamani.